Lulu na Mwenye Kuipima

Yapata miaka thelathini sasa tangu marehemu shangazi yangu aliponituma kwa sonara mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja, nimpelekee kidani chake cha lulu kilichokatika uzi. Kidani alichovishwa siku ya harusi yake, kilicholetwa kutoka Maskati zama ambazo majahazi yalikuwa yangali yakija kwa kaskazi na kurejea kwa kusi. Mzee yule hakuniuliza uzi wa rangi gani wala nitarudi lini kukichukua. Alikunjua kitambaa cheupe mezani, akazimimina lulu zote juu yake, akaisogeza meza mpaka dirishani, akaizima taa iliyokuwa ikining'inia juu ya kichwa chake, kisha akainama akanyamaza kwa muda uliotosha kunitia wasiwasi. Hatimaye akaiokota moja kwa ncha za vidole, akanisogezea jichoni, akasema, “Usiitazame lulu, mwanangu, litazame dirisha lililomo ndani yake.”

Nikalitazama. Katika kitu kile kisichozidi ukubwa wa punje ya pilipili manga nililiona dirisha zima, pamoja na nondo zake na ukingo wa paa la nyumba ya pili uliokatiza mbingu. Akaniletea nyingine, ambayo kwa macho yangu ilikuwa sawasawa na ile ya kwanza kwa ukubwa, kwa weupe na kwa mviringo, lakini ndani yake dirisha halikuwamo. Palikuwa na wingu la weupe tu, mithili ya kioo cha taa ya chemli kilichoshika moshi. Akaendelea kuzitenga, moja huku na moja kule, hata zile zilizofifia zikafika kumi na moja. “Hizi zimetiwa humu kukijaza kidani,” akasema. “Aliyekiuza alizijua. Aliyekinunua hakuzijua.”

Maneno yale nimekaa nayo miaka yote hii, na ndiyo yanayonishikisha kalamu leo, kwa sababu katika visiwa vyetu wamekwisha kuwapo watu wanaotoa lulu baharini kwa mikono yao, na nimeona kwamba nao wanaziuza bila ya kuzijua. Rai yangu ni kwamba thamani ya lulu haikai katika lulu peke yake, bali hukaa pia katika elimu ya kuipima, na popote pale ambapo elimu hiyo imeshikwa na mnunuzi ikamkosa mtoaji, mtoaji hupokea ujira wa jasho wala hapokei thamani ya kitu alichokitoa.

Na elimu yenyewe si siri ya majini. Lulu hufanyika pale ambapo ile nyama laini ya chaza, inayomfumia kombe lake, imejeruhiwa au imeingiliwa na kijidudu cha baharini, ikajikunja ikawa kifuko, na kifuko hicho kikaendelea na kazi ile ile ambayo nyama hiyo ilizoea kuifanya, yaani kutandaza lulumizi, utando ule ung'aao tunaouona ndani ya kombe. Wahenga wa Uarabuni na wa Bara Hindi walisimulia kwamba chaza hupanda juu ya maji kupokea tone la mvua, na watu wa zama zetu husema kwamba chanzo ni chembe ya mchanga. Kauli ya kwanza ni nzuri kuliko ya pili, ingawa ukweli haumo katika zote mbili. Lulumizi ni vigae vya chokaa vyembamba mno, hata elfu moja vikipandana havitimizi unene wa milimita moja, navyo vimepangwa kama vigae vya paa na kushikanishwa kwa gundi aliyoitoa chaza mwenyewe. Nuru inapoviangukia, sehemu yake hurudi kutoka kigae cha juu, na sehemu huzama hadi vya chini ndipo irudi; miali hiyo ikutanapo njiani ndipo tunapoona ile rangi ya upinde wa mvua inayotembea juu ya lulu inapogeuzwa. Tabaka zikiwa nyingi na zimelingana, nuru hurudi imenyooka na dirisha huonekana. Zikiwa chache, au zimetandazwa kwa pupa, nuru hutawanyika na dirisha hupotea. Ndiyo sababu wafugaji wa Japani huwavuna chaza wao majira ya baridi, kwani maji yakipoa chaza hufanya kazi polepole, na tabaka za mwisho, ambazo ndizo za juu, huwa laini kuliko zile za majira ya joto.

Kwa hiyo mng'ao hutangulia sifa nyingine zote, na mtu akinionyesha lulu kubwa kama zabibu isiyo na mng'ao, nitasema kwamba amenionyesha kombe lililofanywa duara. Baada yake huja umbo, ambalo hupimwa kwa kuiviringisha lulu juu ya meza iliyo sawa, ambapo ile ya mviringo kamili huenda moja kwa moja na ile yenye kasoro huyumba kama mlevi. Kisha uso wake, kama una vishimo, mikwaruzo au mabaka. Kisha rangi, ambayo ni jambo la hawaa ya nafsi na mazoea ya miji, kwani katika siku za fahari ya lulu wateja wa Bombay walizipenda zenye umanjano ilhali wale wa Paris walizitaka nyeupe zenye haya ya waridi, na mfanyabiashara hodari alijua ipi aipeleke wapi. Katika kidani huongezeka jambo jingine, nalo ni ulinganifu: kupata lulu hamsini zilizofanana kwa rangi, kwa mng'ao na kwa umbo ilikuwa kazi ya miaka, na ndiyo maana kidani kilichotimia kilizidi thamani jumla ya lulu zake zikiuzwa mojamoja.

Ukubwa nimeuacha nyuma kwa makusudi, ingawa wengi huanza nao. Wazee wa biashara hii walikuwa na hesabu yao, ambayo msomaji yeyote anaweza kuifanya kwa kijiti mchangani. Walipima lulu kwa kizani kidogo kilicho robo ya karati, yaani miligramu 50, tukiite punje. Kisha wakazidisha idadi ya punje kwa idadi hiyo hiyo, na jawabu wakalizidisha kwa bei ya msingi, ambayo ilitokana na ubora. Mathalan, bei ya msingi ikiwa shilingi 10, lulu ya punje 3 ni mara tatu tatu, yaani 9, na bei yake shilingi 90. Lulu ya punje 6 ni mara sita sita, yaani 36, na bei yake shilingi 360. Basi lulu mbili ndogo, zenye uzani sawa na ile moja kubwa, hupata shilingi 180 tu, nusu ya dada yao. Lakini msomaji na aangalie vizuri: ukubwa huzidisha, na kinachozidishwa ni ile bei ya msingi, nayo hutamkwa na jicho. Aliye na haki ya kuitamka bei ya msingi ndiye aliye na biashara, na mizani hubaki kuwa karani wake.

Leo badala ya bei ya msingi tunaletewa herufi. Mnunuzi hufungua kisanduku akakuta kikaratasi chenye herufi A tatu, naye akaridhika, asijue kwamba herufi hizo hazina kanuni moja iliyokubaliwa na wauzaji wote duniani, na kwamba lulu iliyopewa A tatu katika duka moja yaweza kupewa A moja katika duka la jirani. Wengine wameridhika na jaribio la meno, la kuisugua lulu kwenye jino la mbele na kusikia ukwaruzo kama wa mchanga laini. Jaribio hilo ni la kweli kwa kadiri yake, maana shanga ya kioo iliyopakwa rangi ya magamba ya samaki huteleza. Lakini haliwezi kupambanua lulu iliyojifanya yenyewe baharini na ile iliyopandikizwa na binadamu, kwa kuwa zote mbili zimevikwa lulumizi ile ile. Hapo huhitajika picha ya eksirei, ionyeshe kilichomo moyoni mwa lulu.

Sasa niingie Ghuba ya Uajemi, ambako biashara hii ilikuwa riziki ya miji mizima, Bahrain, Kuwait, Dubai na mingineyo, na ambako watu wetu walikuwamo. Msimu mkubwa wa kuzamia ulichukua kama miezi minne ya joto kali, tangu Juni hadi Septemba. Mzamiaji alibana pua kwa kibano kidogo, akatia mguu katika kamba iliyofungwa jiwe, akateremka pima nane, kumi na zaidi, akakusanya makombe katika kikapu kwa pumzi moja, kisha akaitikisa kamba ili mwenzake aliyebaki chomboni amvute juu. Na haya aliyafanya mara nyingi tangu asubuhi hadi jua kuchwa. Makombe ya siku nzima, ya wazamiaji wote, yalimwagwa pamoja katika fungu moja juu ya sitaha, na asubuhi yake ndipo yalipopasuliwa kwa visu, nahodha ameketi akitazama kila mkono. Tuzingatie jambo hilo. Mtu aliyeshuka pima kumi akaileta lulu juu hakujua kwamba ni yeye aliyeileta.

Lulu zikifika mikononi mwa nahodha, na baadaye kwa tajiri wa lulu, zilipitishwa katika chekeche za shaba zilizopandana, zenye matundu yanayopungua, nazo zikagawanyika kwa majina ambayo Mswahili hahitaji mkalimani kuyaelewa: rasi, ndizo kubwa zilizobaki juu, batini, za tumboni, na dhaili, za mkiani. Zilipangwa juu ya kitambaa chekundu, zikapimwa, na hesabu ikafanywa kwa vitabu maalumu vilivyogeuza uzani kuwa kipimo walichokiita chau. Bei nayo haikusemwa kwa mdomo: muuzaji na mnunuzi walishikana mikono chini ya kitambaa na kubanana vidole, ili waliokaa pembeni wasijue. Nakiri kwamba ustadi huo wanistaajabisha, na ningetoa mengi kukaa barazani Muharraq, kule Bahrain, siku moja nikawatazama. Lakini katika hao waliokaa pembeni wasijue alikuwamo mzamiaji, ambaye alianza msimu kwa kukopa, akaumaliza kwa kuambiwa deni limebaki kiasi gani, na aghalabu akafa akamrithisha mwanawe deni hilo pamoja na kibano cha pua.

Na miongoni mwa wazamiaji hao, katika karne ya 19 na hata miongo ya mwanzo ya karne ya 20, walikuwamo watu waliotekwa katika nchi zetu hizi, bara na pwani, wakavushwa kwa majahazi utumwani Uarabuni. Mgawo wa mzamiaji mtumwa haukuwa wake, bali wa bwana wake. Nilipokuwa mtoto nilisikia lulu ikitajwa katika mashairi ya harusi na katika majina ya mabinti, na hakuna aliyenieleza kwamba huenda lulu ya kidani cha shangazi yangu iliokotwa na mtu aliyezaliwa karibu na Ziwa Nyasa au mwambao wa Kilwa. Jambo hilo nalieleza mimi leo, kwa kuwa ni sehemu ya hesabu ambayo haikuandikwa katika vitabu vya chau.

Jinsi bei hiyo iliyopangwa chini ya kitambaa ilivyokuwa dhaifu ilidhihirika upesi. Mwaka 1917 nyumba ya Cartier ilijipatia kasri katika Fifth Avenue, New York, kwa kutoa dola 100 na kidani cha lulu cha nyuzi mbili kilichothaminiwa dola milioni moja. Mwaka 1957, baada ya bibi aliyekivaa kufariki, kidani hicho kiliuzwa mnadani kwa kama dola 150,000, ilhali kasri lingali limesimama pale pale. Lulu zile hazikupungua mng'ao kwa miaka arobaini. Kilichopungua ni uadimu wake. Kinyume chake ni ile iitwayo La Peregrina, lulu ya umbo la tone iliyopatikana Panama katika karne ya 16 ikavaliwa na malkia wa Hispania: Richard Burton aliinunua mwaka 1969 kwa dola 37,000 kumpa mkewe Elizabeth Taylor, na mwaka 2011 iliuzwa katika kidani chake kwa zaidi ya dola milioni 11. Hapo watu walinunua shingo zilizopata kuivaa.

Aliyeuondoa uadimu alikuwa mwana wa muuza tambi wa mji wa Toba, Japani, aitwaye Mikimoto Kokichi. Mwaka 1893 alifaulu kumfanya chaza atengeneze lulu kwa kupandikizwa, na lulu ile ya kwanza haikuwa duara. Ilikuwa nusu-lulu, iliyogandamana na kombe. Lulu za duara zilifuata, zikafika masoko ya Ulaya karibu na mwaka 1921, na uchumi wa dunia ulipoanguka mwaka 1929, miji ya Ghuba iliporomoka pamoja na lulu yake. Lakini linalonivutia zaidi katika habari za Mikimoto ni tendo la mwanzoni mwa miaka ya 1930, pale soko lilipojaa lulu mbovu, naye akazitupa motoni kwa majembe katika mji wa Kobe, mbele ya macho ya watu. Alikuwa akitangaza kwamba mfugaji ndiye atakayesema ipi ni lulu na ipi siyo. Kadhalika serikali ya Polinesia ya Ufaransa, inakotoka lulu nyeusi ya Tahiti, kwa miaka mingi ilikataza kusafirisha lulu ambayo utando wake haukutimiza milimita 0.8. Mikimoto na serikali hiyo hawakungoja Paris wala New York iwapangie daraja.

Narudi kwetu. Katika ghuba ya Menai, kusini-magharibi mwa Unguja, vijiji vya Fumba, Bweleo na Nyamanzi vina kina mama ambao tangu katikati ya miaka ya 2000, wakisaidiwa na watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wameshika kazi ya kufuga chaza. Nusu-duara ndogo ya plastiki hugandishwa ndani ya kombe la chaza aliye hai, chaza akarudishwa baharini kuning'inia katika kamba chini ya maboya, na baada ya miezi tisa hadi mwaka hutolewa, kibonge kilichofunikwa lulumizi kikakatwa na kutengenezwa herini au kidani. Ni nusu-lulu, sawa na ile ya Mikimoto ya mwaka 1893, na rangi zake, kijivu kilichochanganyika na kijani na samawati, hazipatikani katika lulu nyeupe za Japani.

Nilikwenda huko, na mama mmoja akaniletea sinia yenye nusu-lulu kama ishirini. Nikamuuliza, “Bibi, hii bei gani?” Akanijibu, “Mwenyewe utatoa ngapi, baba?” Nikachagua mbili zilizolingana ukubwa, nikamwomba tutoke nazo mpaka mlangoni, tukazielekeza penye nuru. Katika moja paa la msikiti lilionekana, na mnazi ulio kando yake, hata makuti yake. Katika nyingine palikuwa na weupe tu. Akazigeuza mara tatu, nne, akaniambia kwamba ile iliyofifia chaza wake alitolewa mapema, kwa kuwa mgeni alikuwa na haraka na fedha ilihitajika. Kisha akaniuliza, “Sasa hii yenye msikiti niiuze ngapi?” Nami sikuwa na jawabu, kwa kuwa katika nchi nzima hakuna mahali lilipoandikwa.

Jawabu hilo laweza kuandikwa, tena kwa gharama ndogo. Wapimaji wa dunia nzima huweka lulu za kulinganishia, chache zilizochaguliwa kwa makini, kila moja ikiwakilisha daraja moja ya mng'ao, na kila lulu mpya huwekwa kando yake ndipo ipewe daraja. Wizara inayohusika na taasisi ile ile iliyofundisha ufugaji na zikae na kina mama hao, wazichague kutoka katika mavuno yao wenyewe nusu-lulu tano, tangu ile yenye msikiti hadi ile yenye wingu, wakubaliane juu ya unene wa utando ambao chini yake chaza hatolewi baharini hata mgeni awe na haraka gani, na wakubaliane juu ya bei ya msingi ya kila daraja, iandikwe kwa Kiswahili katika ubao mmoja. Zile tano zitiwe katika kisanduku chenye kifuniko cha kioo, kikae kijijini, karibu na dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja, na ufunguo wake awe nao mama mmoja miongoni mwao, aliyechaguliwa na wenzake, ambaye mgeni akiuliza bei ataanza kwa kukifungua.